Siku Tuliyokataa Kukata Mianzi

Siku moja ya mkutano naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu haikuwa ndogo.

Nilikuwa nimeolewa hapa Kitandililo muda si mrefu. Kipindupindu kilikuwa kimesikika mikoa ya jirani, na Makambako unaijua mwenyewe, malori ya kila upande yanalala pale. Tukaitwa zahanati kumsikiliza Bwana Afya kutoka wilayani, Njombe. Zahanati yenyewe tuliijenga kwa msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji kizima: tulifyatua matofali, tukabeba mchanga kichwani, hata wazee wa kanisa walikanyaga udongo.

"Serikali imejipanga," akasema Bwana Afya, tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, maana nilikuwa na kiherehere, na bado ninacho. Akatuonyesha hema la kulaza wagonjwa, limekunjwa stoo. Nguzo zake hazikuwepo.

"Lakini ninyi watu wa huku ni wachapakazi," akasema akitabasamu. "Mianzi mnayo."

Nikaruka. "Tutakata! Hata sasa hivi!" Vijana wakaanza kuinuka. Mama mkwe wangu, Mama Mlowe, akanivuta kitenge nikakaa puu.

"Tulia wewe," akaninong'oneza. "Kazi yetu tumemaliza. Matofali yale ni ya nani?" Kisha akasimama yeye, mikono nyuma, akamsalimia kwa Kibena.

"Bwana Afya, kamwene. Tukikata mianzi, utarudi mjini kusema Kitandililo wako tayari. Na dripu je, nazo tukazikate msituni? Na dawa ya maji? Naomba utufungulie kabati tuone."

Watu wakacheka. Kabati likafunguliwa, na mle ndani mlikuwa na bandeji na makopo matupu tu. Niliogopa sana, mwanangu. Nilikuwa nimeyapigia makofi makopo.

Bwana Afya hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alijifuta jasho akasema vitu ataleta. Mama Mlowe akamgeukia mwenyekiti wa kijiji. "Basi mkutano usifungwe. Tutaufunga akishaleta."

Na kweli haukufungwa. Kila Jumapili baada ya ibada, Wakatoliki na Walutheri pamoja, tulikwenda kukaa pale pale na mkutano ukaendelea. Katikati ya juma wajumbe walipanda basi kwenda Njombe kuuliza vitu vimefika wapi. Hawakutukana mtu, walisalimia, wakauliza, wakasubiri kwenye benchi. Watu wa ofisini walituchoka kabla sisi hatujachoka. Mwishowe gari likaja na nguzo za chuma, vitanda, dripu, dawa ya maji, tangi, na nesi wa kubaki nasi. Hema tulilisimamisha siku hiyo hiyo, mwenyekiti akafunga mkutano, na vigelegele nafikiri walivisikia hadi barabara kuu.

Ugonjwa ukaja kweli. Baba yako alikuwa akipakia viazi Makambako. Walimleta kwenye mkokoteni, macho yameingia ndani, hata jina langu hawezi kulitaja. Nililia kama nimeshafiwa. Nesi hakuwa na muda wa kilio changu, alimtundikia dripu papo hapo. Kesho yake mgonjwa akaomba uji, halafu akalalamika hauna sukari! Nilicheka mpaka nesi akanitoa nje. Wote waliolazwa kwenye hema lile walirudi makwao kwa miguu yao, na kijiji hiki hakikuchimba kaburi hata moja. Tulishinda, mwanangu! Wewe ulizaliwa baada ya hapo.

Sasa Jumamosi mnaitwa tena, kuna ugonjwa mwingine unatangazwa redioni. Nenda. Ukiitwa kwenye kazi ya kijiji, usiwe mvivu, shika jembe. Lakini serikali ni yako, kodi yako imo mle, na kuiuliza siyo utovu wa adabu. Wakisema wamejipanga, sema kwa heshima, "Naomba tuone," na uone kwa macho yako kabla mgonjwa hajaletwa. Wakiwa navyo, washukuru mbele za watu. Wasipokuwa navyo, usiwatukane na usiwafichie upungufu. Rudi kesho ukaulize tena.

Mungu akupe ulimi wenye adabu na magoti yasiyotetemeka mbele ya wakubwa, na kila utakayempeleka zahanati, akujalie urudi naye nyumbani.