Mzigo Niliombebea Kasiani

Siku hiyo naikumbuka kuliko siku yangu ya ndoa, mwanangu, na mama yako asisikie. Ilikuwa siku ya tatu ya kupanda Kilimanjaro, mimi na rafiki yangu Kasiani wa Msanzi, wapagazi wapya, tumebeba mahema ya wageni. Wapagazi wenyeji walitutania: watu wa Rukwa mlima mtauweza wapi? Tukajibu kwa majivuno kwamba tumekua tukipandisha magunia ya samaki kutoka bondeni hadi Ufipa juu, na baridi ya kwetu tumeinyonya pamoja na maziwa.

Asubuhi hiyo Kasiani alitapika uji. Kichwa kilimpasuka, akawa anayumba kama mtu aliyeshinda kilabuni. Kiongozi wa msafara alikuwa akimuuliza kila mtu hali yake, na mgonjwa alishushwa papo hapo, maana ugonjwa wa mlima dawa yake ni kushuka. Nikamnong'oneza, "Kaza, ndugu yangu. Ukishushwa, watatucheka sisi Wafipa wote."

Alipoulizwa, akasema hajambo. Nikauchukua mzigo wake juu ya wangu, naye nikamweka nyuma yangu asionekane. Nilijiona mwanamume kweli, mpumbavu mimi.

Mchana, kabla ya kufika kambini, aliketi kwenye jiwe akaanza kukohoa povu la damu. Walimkimbiza chini kwa machela. Alikata roho njiani.

Niliurudisha mwili wake Msanzi. Baada ya maziko mama yake aliniita ndani, nikamweleza yote, hata la mzigo, nikidhani litampoza.

"Ulibeba mzigo wake," akasema. "Yeye ukamwacha atembee."

Hakunilaani, na afadhali angenilaani. Hakuitikia tena shikamoo yangu mpaka siku tulipomzika yeye mwenyewe.

Sasa nawe umepata kazi hiyohiyo, umekuja kuniaga. Sikuzuii. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema habari za yule anayemsaidia kuficha. Huyo huachwa aishi, mwanangu, na si maisha matamu. Ukiumwa, sema. Mwenzako akiumwa akakusihi unyamaze, mseme, akuchukie akiwa mzima. Wakiwacheka Wafipa, waache wacheke mpaka wachoke.

Mungu akutangulie huko juu, akupe miguu ya kupanda na moyo wa kugeuka njiani bila kuona haya. Nenda, mwanangu, urudi unizike wewe.