Makombe ya Baharini Ndani ya Kisima

Mie ni mtu wa Singida. Nimekulia kwenye majabali makubwa yasiyo na kitu ndani. Kwetu jiwe ni jiwe, basi. Labda ndiyo maana nikafanya nilichofanya, ingawa sijitetei. Mtu mzima ovyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa nafundisha darasa la sita huko Madale, upande wa pwani, lakini juu kabisa mlimani. Mada ilikuwa miamba ya mashapo. Niliieleza vizuri tu: mchanga, matope na mabaki ya viumbe hutuama chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, la juu linakandamiza la chini miaka mingi mno, hadi vyote vinashikamana. Mchanga unakuwa jiwe la mchanga. Makombe na matumbawe yanakuwa jiwe la chokaa. Nikaagiza kila mmoja aje kesho na jiwe kutoka mtaani kwao.

Binti mmoja mkimya, mtoto wa mchimba visima, akaleta bonge jeupe lenye kombe zima la baharini limeng'ang'ania ndani. Akasema baba yake amelitoa kisimani, chini ya mchanga na udongo wa mfinyanzi. Nikacheka. Kombe, mlimani? Nikamwambia ameliokota ufukweni, nami sipendi kudanganywa. Akarudia yaleyale kwa sauti ndogo. Hapo hasira zikanipanda, nikaona ananibishia mbele ya wenzake. Nikamsimamisha mbele ya darasa, nikamlazimisha aseme, "Nimedanganya." Akasema. Wenzake wakamzomea, nami nikawaacha.

Kesho yake baba yake akaja, suruali imejaa tope. Nilimwamkia, maana alinizidi umri kwa mbali. Hakugomba. Aliniomba tu nifike anapochimba, nyumba chache kutoka shuleni. Nikaenda. Pembeni ya kisima palikuwa na rundo la mawe meupe, yote yamejaa makombe. Jamani, aibu niliyoiona! Nimeandika ubaoni kwa mkono wangu kwamba bahari huacha mawe, halafu bahari ya zamani ilipoacha jiwe mlimani nikamwita mtoto mwongo. Nikamwomba mzee yule radhi.

"Mimi hujanikosea, mwalimu," akasema. "Mwambie mtoto."

Sikumwambia. Tulivyolelewa, mtu mzima hamwombi mtoto radhi, sembuse mwalimu mbele ya darasa. Nikampa kalamu mpya, nikawa namchekeachekea kila tukikutana, nikajidanganya kwamba yamekwisha.

Ukaja mtihani wa muhula. Swali mojawapo liliwataka wataje mwamba wa mashapo unaopatikana mahali wanapoishi. Binti yule peke yake aliliacha wazi. Nikamwita ofisini, nikamuuliza kwa upole imekuwaje, na jibu analijua kuliko wote. Akainamisha macho.

"Sikujua niandike la kweli, mwalimu, au lile ulilonisemesha."

Ofisini tulikuwa wawili tu, hakuna wa kunicheka. Nikamwambia arudi darasani. Hata hapo neno la samahani halikunitoka mdomoni.