Makali Juu ya Moyo

Juzi binti wa dada yangu alinionyesha kwenye simu herufi ya Kijapani anayotaka kuchorwa mkononi. "Mama mdogo, hii ni ya ninja," aliniambia kwa Kiswidi, kama kawaida yake. Nikaitazama: 忍. Vidole vya mkono wangu wa kulia vikajikunja vyenyewe, kama vimeshika kalamu. Sikumwambia kitu, maana angeniuliza nilijifunzia wapi, na habari hiyo si ya kusimuliwa juu ya sahani ya chakula. Wewe nitakusimulia.

Tulikaa Alby, kitongoji cha wahamiaji huko kwa Waswidi, ghorofa ya pili, kwenye yale majengo ya kupanga ambamo ngazi moja ilinukia mapishi ya nchi saba. Kwetu palinukia maharage ya mawese, na dagaa wakavu wa Tanganyika ambao mama aliletewa na watu wa kanisani. Mama alifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Farsta. Mchana kutwa aliwaogesha wazee wa Kiswidi, na jioni akirudi alimwogesha mama yake mwenyewe. Bibi alikuwa amekuja kutoka Bujumbura akiwa tayari mgonjwa, hawezi tena kuzuia mkojo. Hiyo ilikuwa siri ya nyumba. Mashuka yalifuliwa kila siku, na mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, ndiye niliyeshuka nayo chini kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, cha jengo zima. Ukutani palikuwa na ubao wa zamu, na kila nyumba ilikuwa na kifuli chake kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la saa inayoitaka kufua. Zamu zetu hazikututosha, kwa hiyo mama aliiba za wengine. Jumatano jioni ilikuwa ya jirani wa ghorofa ya nne, mama mzee wa Kijapani aliyefiwa na mume wake Mswidi. Akishuka na kukuta mashine inazungusha mashuka yetu, hakugombana. Alibandika karatasi. Kiswidi chake kilikuwa na adabu inayouma kuliko matusi: "Wenye kujua kusoma wataona kwamba leo ni zamu yangu." Mama alizichana moja baada ya nyingine. "Yule wa juu ana roho ya kutu," alisema, na sisi tukamwita hivyo hivyo, Yule wa Juu. Nilimchukia kama watoto wanavyochukia, bila kupumzika.

Mwaka ule darasani kila mtu alichora ninja. Nilikuta herufi yao kwenye kitabu cha picha cha maktaba, nikaona nimepata silaha. Nilishuka na kalamu ya wino mzito, nikaiandika kubwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia ili aione na aogope. Kesho yake, chini yake, palikuwa na neno moja kwa wino mwekundu: Makosa. Nikaandika tena. Likaja tena: Makosa. Mara ya tatu nilimkuta mwenyewe amesimama kando ya mashine ya kukaushia, mikono nyuma.

"Umeandika upanga juu ya moyo," alisema. "Upanga bila nukta hauna makali. Hata kutisha hujui."

Kisha akanieleza, kwa sauti ile ile, kwamba ameshawaandikia wenye nyumba barua mbili kuhusu sisi. Ya tatu ingekuwa na picha ya mlango huu. Nilijua maana yake, kwa sababu onyo la wenye nyumba lililotujia baada ya ile ya pili, kwamba tungeweza kufukuzwa, nililisoma mimi, nikalitafsiri, na mama akakaa kitako kwenye sakafu ya jikoni. Nikamwomba asiandike. "Alhamisi, ukitoka shule," alisema. "Mpaka uiandike sawasawa." Hadi leo sijui kwa nini. Nadhani kuona herufi ya kwao imekosewa mlangoni kulimuudhi kuliko hata sisi.

Mama nilimdanganya kwamba naenda maktaba kusaidiwa masomo. Nilipanda ghorofa ya nne na kuketi kwenye meza isiyo na hata kikombe cha maji kwa mgeni. Niliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa brashi. Mapigo saba: matatu ya makali juu, manne ya moyo chini, na ole wako uanze na la pili. Nikikosea aligonga meza kwa kidole. Alinifundisha kwamba herufi hiyo ina sauti mbili. Ikiwa peke yake katika kitenzi husomwa shinobu, kustahimili, au kujificha. Ikiungana na nyingine husomwa nin. Nintai ni uvumilivu. Ninja ni mtu wa kujificha. Na zannin, alisema, ni ukatili.

Nikamuuliza inawezekanaje, herufi moja iwe uvumilivu na pia ukatili.

"Anayeweza kuvumilia maumivu yake," alijibu, "anaweza kuvumilia na ya wenzake. Andika."

Nikaandika. Nyumbani mama alikuwa akisema mvumilivu hula mbivu kila alipoondoa mashuka kitandani, na mimi nikawaza kwamba wanawake hawa wawili wana neno moja, na hawasalimiani kwenye ngazi.

Kisha ikaja karatasi ya mwisho. Ilibandikwa juu ya mashine yenyewe: "Kuna mtu anafua mikojo humu. Sote tunaweka nguo zetu humu." Mama aliisoma taratibu, midomo ikicheza. Hakuichana. Aliikunja akaitia kwenye mfuko wa koti, akapandisha mashuka juu, akapiga magoti mbele ya bafu na kuyafua kwa mikono. Bibi akauliza kutoka chumbani, "Unafua nini hivyo, mwanangu?"

"Mapazia, mama."

Bibi akageukia ukutani. Alikuwa anajua.

Siku hiyo hiyo nilichukua karatasi nzuri ya shule nikaandika zannin, herufi zote mbili, nikaisukuma kwenye tundu la barua la mlango wake. Alhamisi nilipanda kama kawaida, kwa sababu nilitaka kuuona uso wake. Alikuwa ameiweka mezani. Kwenye herufi ya kwanza nilikuwa nimesahau mstari mmoja, naye alikuwa ameuongeza kwa wino mwekundu.

"Nani mgonjwa kwenu?" aliuliza.

"Bibi yangu. Tangu alipokuja."

Alinyoosha karatasi kwa kiganja, ingawa haikuwa na mkunjo. "Ile ya pili umeiandika vizuri," alisema. "Usije tena." Akanifungulia mlango.

Barua ya tatu haikuandikwa. Jumatano iliyofuata kifuli chake hakikuwepo kwenye ubao, wala Jumatano baada ya hiyo. Niliposhuka nilikuta saa zile ziko wazi, nikamwambia mama. Akachomeka kifuli chetu. "Sitamshukuru mtu kwa kuacha kunitukana," alisema, na kweli hakumshukuru. Bibi alipofariki, kabla majani hayajachipua, tulirudi kutoka makaburini tukamkuta Yule wa Juu ndani ya lifti. Tukapanda naye hadi ghorofa ya pili, wote tukitazama namba juu ya mlango. Hakutupa pole. Mama hakumsalimia. Mimi nilikuwa katikati yao na nilijua kuwasoma wote wawili.

Yule wa Juu alihamishwa nilipokuwa sekondari, sikusikia wapi. Mama sasa yuko Upplands Väsby, ana mashine yake bafuni. Majengo yale ya Alby yamepakwa rangi, zamu zinashikwa kwa simu, na hakuna anayejua mashuka ya jirani yake. Nikiwa mtu mzima nilijiandikisha darasa la Kijapani la jioni, na humo ndani ya kamusi, chini ya herufi ile, nikakuta neno ambalo hakunifundisha: kannin. Ni kuvumilia mpaka kusamehe, na magharibi ya Japani, alikotoka yeye, watu hulisema wanapoomba radhi. Nililiandika mara ishirini pembeni mwa daftari. Mapigo yote yalikuwa sawa, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.