Shabu ya Mama, Bwawa la Diani

Enzi zetu, sisi watoto wa Diani tuliolelewa nyuma ya majumba ya wenyewe, tulijua harufu ya klorini kabla ya kujua harufu ya wino wa shule. Baba alirudi nayo mikononi, ikachanganyika na mvuke wa mbaazi za nazi, nasi tukala hivyo hivyo, miguu ikiwa na vumbi la mchezo wa kombolela. Hatukufa. Watoto wa leo wakirushiwa tone moja la maji hukimbilia miwani ya kuogelea.

Baba alitunza bwawa la bibi mmoja wa Kizungu aliyekuja likizo mara mbili kwa mwaka. Masika moja, mvua ilishusha majani na matope, maji yakawa kijani kama mrenda. Bibi akapiga simu: atafika Ijumaa na wajukuu, na akikuta bwawa chafu kama safari iliyopita, Baba afungashe. Kufungasha kulikuwa kwetu sote, maana hata chumba tulicholala kilikuwa chake.

Baba alitia klorini. Ukijani ukafa, lakini maji yakabaki meupe kama yaliyooshewa mchele. Pampu ikachuja siku mbili, wapi! Jumatano Mama akamwambia, "Baba Mishi, maji ya kisima nikiyatia shabu hutulia. Hilo bwawa lenu limezaliwa na nani hata likatae?"

"Bwawa si mtungi, Mama Mishi."

"Basi fungasha."

Baba alicheka kwa shida, akaenda dukani. Akaitwanga shabu, jiwe jeupe kama chumvi, kwenye kinu cha Mama, akaikoroga ndooni, akainyunyiza bwawani, akazima pampu. Tulikatazwa hata kurusha kokoto. Alhamisi asubuhi uchafu wote ulikuwa umelala chini kama unga. Baba akaufyonza polepole kwa mpira, akaumwaga nje, vigae vya buluu vikaonekana. Mama akapiga kigelegele.

Baba hakufurahi bado. Alichota maji kwenye kichupa, akadondosha dawa ya kupimia; yakageuka manjano.

"Shabu imeyafanya machachu," akasema. "Wajukuu watatoka macho mekundu."

"Kwani magadi ni ya kunde tu?" Mama akadakia.

Magadi yakayeyushwa, yakamiminwa kikombe kwa kikombe ili yaue uchachu. Kila kikombe, pampu ikazungusha maji, kisha tukapima. Macho ya Baba yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hivyo kusoma rangi niliachiwa mimi, Mishi wa darasa la nne. Manjano. Bado manjano. Adhuhuri ikaja rangi ya papai lililoiva, ile aliyoingoja.

"Una hakika, mwanangu?"

Nikasema ninayo.

Ijumaa Bibi alijitosa, akaibuka macho meupe pe. "Mzee, dawa gani hii mpya?"

"Ya dukani, mama," Baba akajibu kwa adabu, na Mama akakimbilia jikoni akacheke vizuri.

Siku hizi kijana wa bwawa huchovya kifaa, akatazama namba kwenye simu, akaenda zake. Maji yake ni safi, simnyimi sifa. Ila mimi hutamani kumwuliza kama nyumbani kwao yupo anayeyaulizia hayo maji. Kwetu, kabla ya bismillahi ya chakula cha jioni, Mama aliuliza kwanza maji yameshindaje, na Baba akamjibu taratibu, kama aulizwaye habari za mtoto aliyekuwa na homa.