Nilivyotumwa Kumrudisha Vero kutoka kwa Viboko

Mama alinituma Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kwa sababu moja: nimrudishe mdogo wangu Vero hapa Goma kabla kiboko hajamuua. Vero ameolewa huko na Kambale, Munande kwa kabila, anayetembeza wageni ziwani kwa mtumbwi wa mota, wakaone wanyama. Nilimwambia Mama alale usingizi. Mimi nikitumwa, nimetumwa.

Asubuhi nilipanda lori. Kibumba tulipakia kabichi, na baridi ilinitoa machozi. Kupita Rutshuru barabara inateremka mbugani, na dereva alisimama tembo wavuke. Walivuka bila haraka, kama wenye nyumba.

Vitshumbi inanuka samaki, na ndege korongo wanatembea kati ya watu. Vero alinikumbatia. Nikamwambia palepale, "Funga mizigo. Mama amesema."

"Yaya, panda kwanza mutumbwi," akajibu; kwetu yaya ni ndugu mkubwa. "Halafu utasema."

Kesho yake tulitoka, Kambale kwenye mota, Vero mbele na kasia. Ndege mwari weupe walikuwa wakivua kwa mstari mmoja. Jamani, nilifurahi mpaka nikasahau nilichotumwa! Karibu na matete Kambale alizima mota, na Vero akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, polepole. Huko ndiko kubisha hodi: viboko wakisikia wanatoa vichwa, nawe unajua pa kupita. Kweli vichwa vikatokea, masikio yakitikisika.

Jua lilikuwa kali. Nikainama, nikatia mikono majini ninawe uso, kama tunavyofanya sisi watu wa Goma, ambao ziwa letu halina kiboko wala mamba.

"Yaya, toa mikono!"

Vero alinivuta nguo, nikaanguka ndani ya mtumbwi. Pale nilipoinamia kiboko aliinuka, mdomo wazi, nikaona mpaka koo. Nilipiga kelele zote nilizo nazo. Kambale akawasha mota, tukakimbia.

Ufukweni Kambale alicheka. "Shemeji, kule kwenu ziwa ni beseni." Vero hakucheka. Alikuwa analia, bado ameshika nguo yangu. "Ningemwambia Mama nini?"

Nilirudi na lori la samaki, peke yangu. Mama alikuwa mlangoni.

"Vero iko wapi?"

"Anabaki, Mama. Mutoto uliyekaribia kupoteza ni mimi. Vero ndiye aliniokoa."

Nilimsimulia yote, naye akaninunia mpaka jioni, tulipoteremka kuchota maji. Ziwa letu lilikuwa limetulia, nalijua tangu kuzaliwa. Hata hivyo niligonga ndoo kwanza, na Mama akacheka mpaka akakaa chini.