Chini ya Sakafu ya Dada

Rashi ya dhahabu, watu kukimbilia machimbo mapya, ilipolipuka kwenye kilima kimoja cha Butiama, dada yangu alifunga mgahawa wake wa Musoma mjini akamfuata mumewe aliyekwenda kuchimba, akafungua mwingine huko huko kilimani. Na kweli mali ilikuwepo. Ndani ya msimu mmoja yaliota mabanda, baa, vibanda vya simu, hadi kanisa la turubai. Kisha duara la shemeji, shimo alilokuwa akichimba, likatitia naye akiwa ndani. Hakutolewa. Dhahabu ilipokatika, watu waling'oa mabati wakakimbilia rashi nyingine. Wakabaki mbuzi na dada.

Kila nikienda kumchukua, jibu lilikuwa moja: "Siendi ukweni Murangi mikono mitupu. Wakwe wataniuliza mtoto wao nimemwacha wapi, niwajibu nini?"

Mwaka jana nikasikia amemruhusu bwana mmoja kutoka Kabasa, Bunda, achimbe ndani ya mgahawa wake, chini ya sakafu. Bure! Hata mgao wa mawe ya dhahabu dada hataki. Nikasema hapa kuna jambo. Mimi mtu mpole kupita kiasi simwamini, na huyo anamwitaga dada yangu "mama" kila akifungua mdomo. Amemlisha nini? Nilipanda bodaboda nimevimba kwa hasira, maneno ya kumfukuza nimeshayapanga.

"Dada, huyu anakuibia mchana kweupe," nilimwambia jikoni.

"Nyamaza wewe. Shimo lake linaelekea alipo shemeji yako. Akimfikia, nitamzika kwao. Ila hajui, na usimwambie."

Nilielewa. Wachimbaji wa huku hawagusi shimo lenye maiti. Wanasema dhahabu inakimbia na mikosi inabaki. Waliojua kuhusu shemeji walishahama zamani. Looh! Kumbe mjanja alikuwa dada yangu.

Tulipotoka jikoni, yule bwana alikuwa amekaa mdomoni mwa shimo, hajashuka. Alinitazama kwa jicho baya, kama nilivyokuwa nimekuja kumtazama yeye.

"Mama mdogo," akasema, "mimi vya bure vinanitia mashaka. Tangu juzi silali. Wewe ni ndugu yake, niambie ukweli. Kuna mtu humu chini?"

Dada alishika pembe ya kanga, akajiziba nayo mdomo. Hakunitazama.

"Hakuna mtu," nikasema. "Shuka, baba. Chimba."