Kitanda cha Ghalani

Mzungu wa kwanza kuonekana akibeba mawe alikuja kwetu Manga mwanzoni mwa miaka ya sabini, kanisa letu lilipokuwa likijenga zahanati. Alikuwa kijana kutoka Denmark, nywele zake rangi ya ndevu za mahindi, na hakulipwa hata senti. Alilala chumba cha nyuma nyumbani kwa mchungaji, akala ugali wa wimbi na mboga chungu kama sisi, na kila asubuhi alipanda kilima akiwa na jiwe begani. Watu walitoka hata Kebirigo kuja kumtazama tu. Nyanya yangu peke yake ndiye hakushangaa.

"Kwani nyinyi hamjui risaga?" alituuliza. Mtu ambaye shamba limemshinda huita majirani, wakamlimia, naye akawalisha. Hiyo ndiyo risaga. "Huyu naye ameitwa risaga. Ni vile tu kwao ni mbali."

Yule kijana ndiye aliyetuambia kwamba hata kwao iko. Kiangazi kikifika, wakulima wa huko huwapokea vijana wa nchi nyingine, wakawapa kazi, chakula na mahali pa kulala. Kabla hajaondoka, kanisa la kwao likakubali kumchukua mmoja wetu. Wao wangetoa nusu ya nauli, ukoo utoe nusu. Nafasi ilikuwa moja, na vijana wenye Kiingereza cha kutosha tulikuwa wawili: mimi, na mtoto wa baba yangu mdogo.

Huyo ndugu yangu tulitahiriwa asubuhi moja tukapona katika nyumba moja. Darasani nilimwacha nyuma, na kwa kuchuma pareto kikapu changu kilijaa kwanza. Wakati huo nilikuwa nikifundisha darasa la tatu bila kusomea ualimu, na mbali nilikokuwa nimefika duniani ni Kisumu, tena mara moja. Niliitaka safari ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilianza hata kuyaaga mashamba ya watu kimoyomoyo nikipita njiani.

Tuliitwa siku ya Jumapili ofisini mwa kanisa. Nilitangulia kuingia, kwa kuwa nilikuwa mkubwa kwa mwezi mmoja. Mezani walikaa mchungaji, wazee wawili wa kanisa, na mama mmoja wa Kizungu aliyetumwa kutoka Nairobi. Aliniuliza kama nimezoea ng'ombe. Nilimwambia nimezaliwa nikawakuta. Aliniuliza kama naweza kuamka mapema, na wazee wakacheka kabla sijajibu. Kisha akanieleza habari za nyumba. Mwenye shamba na mkewe walikuwa watu wa makamo, wenye watoto wakubwa waliokwisha kuhama. Mimi ningepewa chumba ghorofani, ukuta mmoja na chumba chao cha kulala.

"Utaridhika na chumba hicho?" akauliza.

Hapa lazima nimweleze asiye wa kwetu. Mvulana wa Kigusii akishatahiriwa halali tena nyumba moja na wazazi wake. Anajengewa esaiga, nyumba ya wavulana, na tangu siku hiyo hata kitanda cha baba yake hatakiona. Si baba mzazi peke yake, ni kila mtu wa rika la baba. Desturi hiyo tunaiita chinsoni, yaani haya ile inayomfanya mtu awe mtu. Kulala ukuta mmoja na mzee na mkewe, nisikie wakikohoa na kugeuka! Nilidhani yule mama ananipima adabu.

"Hapana, mama," nikasema. "Siwezi kulala humo. Nitalala ghalani, karibu na ng'ombe."

Akaniuliza tena, polepole, kana kwamba Kiingereza changu ndicho kilichokosea. Nikamjibu kwa sauti zaidi. Nikaongeza kwamba hata kukiwa na baridi, hata mvua inyeshe, mimi katika nyumba ya wazee hao sitalala. Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kwa furaha, na mmoja akasema, "Heshima si utumwa." Mchungaji, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, alitazama dirishani. Yule mama alifunga kalamu yake.

Nilitoka nikiwa nimevimba kifua. Ndugu yangu alikuwa akingoja chini ya dirisha, na nikamsimulia yote, nilivyoulizwa na nilivyojibu. "Buya mono," akasema, vizuri sana. Kisha akaingia. Hakukaa humo hata muda wa kumenya ndizi.

Sabato iliyofuata, siku yetu ya ibada, mchungaji alitangaza jina, na halikuwa langu.

Watu husema wivu unauma. Wangu haukuuma, ulinipika. Ulichemka asubuhi nikipiga mswaki, ukachemka nikiandika ubaoni, na watoto wa darasa la tatu walichapwa mwezi huo kwa makosa ambayo siku nyingine ningeyacheka. Ndugu yangu alishonewa suti mjini Kisii, ya kijivu, na akapita nayo kwetu ili mama aione. Mama alikishika kitambaa chake, akamwombea. Nilitamani vifungo vyote vikatike palepale. Ukoo ulipochanga nauli, baba alitoa pareto yetu yote ya msimu ule, pareto niliyoichuma mimi kwa vidole hivi, na akaniambia nikaipeleke mwenyewe kwa baba mdogo. Nilibeba gunia hilo kilima kizima. Msichana niliyekuwa nikimtupia macho kule kwaya alinipungia mkono njiani, akauliza, "Ndugu yako anaondoka lini?"

Usiku wa kuamkia safari niliomba mvua kubwa inyeshe, barabara ya Kisii ikatike. Ilinyesha, lakini barabara ilikuwa nzima.

Kiangazi chao chote nilikaa naye kichwani. Nikikama ng'ombe wetu, nilimwona akikama ng'ombe mwenye maziwa ya kujaza pipa. Nikilala katika esaiga yetu, ambayo sasa nilikuwa nayo peke yangu, nilikiona kile chumba cha ghorofani na shuka zake. Nilimhukumu kila usiku kuwa hana haya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mama alikuwa akiniambia, na nikamjibu kwamba kuna kuinama na kuna kujivua nguo.

Alirudi mwezi wa tisa na koti zito, viatu vya ngozi na maneno ya Kidenmark ambayo hakuna aliyeweza kuyapinga. Alichinjiwa mbuzi. Ilimbidi kusimulia habari za nyumba ile mpaka sauti ikakauka: ngazi, kitanda kipana, dirisha la vioo viwili. Nilikaa nyuma kabisa nikitafuna nyama bila kuonja kitu.

Wiki chache baadaye tulianza kuezeka upya esaiga yetu, kwa sababu ilikuwa ikivuja upande aliolala yeye. Yeye alikuwa juu ya paa, mimi chini nikimrushia mafungu ya nyasi. Tulimaliza upande mmoja. Kisha akashika fungu moja, akalinusa, akaketi nalo.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi kile kitanda sikukilalia."

Nikamwuliza kitanda gani, ingawa nilijua.

"Cha ghorofani. Nilikaa pembeni yake jioni ile ya kwanza. Nikamsikia yule mzee akikohoa ng'ambo ya ukuta, na alikohoa kama Tata, kama baba kabisa. Nikashindwa. Nikashuka na viatu mkononi, nikaenda kulala ghalani kwenye mabua ya ngano. Asubuhi mama mwenye nyumba alinikuta huko akalia, akidhani wamenikosea. Nikamweleza. Walicheka, halafu wakabeba kitanda wao wenyewe wakaniletea ghalani, na mzee akanifungia taa ukutani. Nililala huko mpaka nikaondoka."

"Na kwa yule mama wa Nairobi ulisema nini?"

"Nilisema hakuna shida." Alinitazama kutoka juu. "Wewe ulikuwa umeshaniambia swali. Na uso wake niliuona kupitia dirishani ulipomjibu, nikajua alitaka jibu gani."

Nilisimama na fungu la nyasi mikononi. Nilikuwa nimezoea kuionea wivu ghorofa. Nilikuwa nimeizoea hata hasira yenyewe, kwa sababu ilikuwa juu ya chumba ambacho nilikikataa kwa kinywa changu. Sasa niliambiwa kuhusu ghala, mabua, harufu ya ng'ombe, taa juu ya ukuta. Kila kitu nilichokiomba mbele ya wazee wa kanisa kilikuwepo, na kilipatikana.

"Basi ulilala mahali pangu," nikamwambia.

Hakucheka wala hakubisha. "Ndiyo," akasema. "Nipe fungu jingine, hili limekwisha."

Nikampa.